Kurudi kwenye rangi yako baada ya saluni kukosea

Uliomba kahawia ya asali, ukatoka na nywele za manjano kwenye mizizi na machungwa kwenye ncha. Wazo la kwanza ni kukimbilia Soko la Majengo hapa Dodoma, kununua rangi nyeusi na kuipaka usiku huohuo. Tafadhali usifanye hivyo. Nywele nyingi huharibikia hapo kuliko pale saluni.

Anza kwa kumuuliza msusi swali moja: alitumia blichi, au alipaka rangi tu? Kama hakumbuki, kumbuka wewe. Unga wa bluu au mweupe uliokorogwa na maji mazito meupe ndio blichi. Hiyo haifuniki rangi yako, inaiharibu ndani ya unywele, na hakuna yai, parachichi wala mafuta yatakayoirudisha. Nywele nyeusi zikichujwa hupitia wekundu, kisha machungwa, kisha manjano. Joto la kichwa huharakisha kazi kwenye mizizi, ndiyo maana msusi anayepaka kuanzia kwenye ngozi hadi ncha kwa mara moja hukutoa na rangi mbili. Kama ulipakwa rangi ya kopo isiyochanganywa na kitu, bila blichi, una bahati: osha kwa shampuu, mara nyingi itaisha ndani ya kuosha mara sita hadi kumi na mbili.

Kwa waliochujwa, pima nguvu ya nywele kabla ya kununua chochote. Chukua unywele mmoja ulionasa kwenye chanuo, uloweshe, ushike kwa vidole viwili kila upande, uvute taratibu. Unywele mzima hunyumbuka kidogo kisha hujirudi. Ukivutika kama bigijii bila kurudi, au ukikatika papo hapo, hauwezi tena kubeba kemikali. Hapo njia ni kukata au kusubiri ziote.

Zikiwa na nguvu, zipe wiki mbili za stimingi na kondishena, kisha ndipo upake. Kosa kubwa liko hapa. Rangi nyingi za kahawia na nyeusi zina bluu ndani yake, na bluu juu ya manjano hutoa kijani. Unapaka vizuri, unaosha, kisha ukitoka juani kichwa kina rangi ya majani makavu. Nywele zilizochujwa zimepoteza wekundu wake, kwa hiyo uurudishe kwanza. Paka rangi ya shaba au nyekundu-kahawia isiyotumia peroksaidi (yale maji mazito meupe), kwenye sehemu zilizochujwa tu, ikae dakika 20, ifute kwa taulo la zamani. Juu yake ndipo uweke kahawia.

Namba ya rangi utaielewa kwa rasta. Nywele za wengi wetu si namba 1, ziko karibu na 1B au 2. Kwenye boksi za rangi, 1 ni nyeusi kabisa, 3 ni kahawia iliyokoza. Nywele zilizochujwa zina matundu na hunywa rangi kupita kiasi, kwa hiyo chagua hatua moja nyepesi kuliko unayoitaka: 4 ukitaka 3. Peroksaidi iwe ya asilimia 3, yaani chupa iliyoandikwa 10 vol. Ile ya 30 au 40 ni ya kuchuja, haina kazi hapa. Tyubu ya gramu 60 hutosha nywele fupi. Zilizojaa hadi mabegani zinahitaji mbili. Kila baada ya dakika tano futa kishungi kidogo kwa kitambaa chenye maji uone imefikia wapi. Itachujuka mapema, na kurudia baada ya wiki tano au sita ni kawaida.

Saa 48 kabla ya kupaka, weka tone la rangi nyuma ya sikio. Ukiwashwa au ukivimba, acha kabisa. Hili ni muhimu zaidi kwa piko: ile nyeusi inayouzwa kwa jina la hina kwa kawaida si hina, na dawa iliyomo huwavimbisha watu uso na macho. Hina yenyewe kwenye nywele za manjano itakupa machungwa makali. Na dawa ya kulainisha usiiweke kabisa juu ya nywele zilizochujwa. Dawa hiyo na blichi zote zinavunja kitu kilekile kinachoshika unywele.

Sasa maji. Dodoma tunategemea sana maji ya visima vya Makutupora, na gaga jeupe linaloganda kwenye birika ndilo linaloganda kwenye nywele. Povu halitoki, nywele zinapauka, rangi inafifia. Chemsha maji ya kuoshea, yapoe, yaache yatulie, mimina ya juu. Suuza mwisho kwa kijiko kimoja cha chakula cha siki ndani ya nusu lita. Kati ya Desemba na Aprili kinga maji ya mvua, yanazidi yote. Kuanzia Juni upepo mkavu unapoanza, paka mafuta kidogo ya alizeti nywele zikiwa bado na unyevu, na funga kitambaa cha satini. Cha pamba kinanyonya mafuta.

Anayechagua kuziotesha ahesabu karibu sentimita moja kwa mwezi. Baada ya miezi mitano una kama sentimita nne au tano, za kutosha kukata zilizoharibika zote. Kabla ya hapo angalia pale nywele mpya zinapokutana na za zamani, ndipo zinapokatikia. Suka twende kilioni au mabutu yasiyobana, fumua ndani ya wiki nne, na chambua kwa vidole kabla ya chanuo. Rasta nzito ziache mpaka sehemu iliyochujwa iwe imekatwa yote.