C945 badala ya BC547: miguu haifanani

Mkuu, umesema umetoa transista BC547 iliyoungua kwenye amplifaya, dukani wakakupa C945, ukaipachika vilevile kama ya zamani na sauti haitoki. Wa dukani hawakukosea sana, zote ni transista za kazi ndogo za aina ya NPN (aina nyingine ni PNP). Tatizo ni miguu. Shika BC547 upande bapa ukutazame, miguu chini: kutoka kushoto ni kolekta, besi, emita. C945 ukiishika hivyohivyo ni emita, kolekta, besi. Yaani hakuna mguu hata mmoja uliokaa kwenye tundu lake.

Mimi kosa hilohilo lilinipotezea siku mbili kwenye redio ya jirani. Nilibadilisha kapasita, nikabadilisha mpaka spika, kumbe mchawi ni transista niliyoichomelea mwenyewe. Siku hizi sipachiki kitu bila kupima, hata kiwe kipya.

Ichomoe kwanza, maana ikiwa kwenye bodi risista za jirani zitakudanganya. Weka mita ya dijitali kwenye alama ya daiodi. Waya mwekundu utulie kwenye mguu mmoja, mweusi uguse miwili iliyobaki kwa zamu. Mguu wenye mwekundu ukikupa kama volti 0.6 hadi 0.7 kote kuwili, huo ndio besi, na hiyo ni NPN. Ikikubali pale tu mweusi unapotulia na mwekundu kuzunguka, ni PNP, mfano BC557. Wenye mita za mshale muwe makini: kwenye omu, chanya ya betri hutokea waya mweusi, kwa hiyo yote haya yanageuka. Hapo ndipo nilipochanganyikiwa sana wakati najifunza.

Sasa kolekta na emita. Zitazame vizuri zile namba mbili. Jana nimepima C945 moja: mguu mmoja 0.668, mwingine 0.661. Yenye namba kubwa ndiyo emita. Tofauti ni kiduchu, na usiibane kwa vidole, joto la mkono linashusha namba. Nikiwa na shaka naichomeka kwenye vitundu vya hFE vya mita, vinavyopima transista inakuza mkondo mara ngapi. Hiyo ya jana ilipokaa sawa ilisoma 240. Nilipopishanisha kolekta na emita ikashuka chini ya 10.

Zile zenye bati mgongoni kama TIP41 hazisumbui: besi, kolekta, emita, na bati limeungana na kolekta. Soma maandishi tu, maana 7805 ina umbo lilelile na ni ragyuleta (kidhibiti cha volti), si transista.

Kwa hiyo C945 yako usiitupe kama bado inapima vizuri. Igeuze upande bapa uangalie nyuma, emita itaangukia tundu lake. Miguu miwili iliyobaki ipishanishe, mmoja uuvishe ganda la waya isigusane, ndipo uchomelee.