Simulia na Friza Iliyozima

Juzi mwanafunzi mmoja wa uzamivu kaniandikia: "Dada, tangu nisikie kisa chako cha friza, nimeacha kujificha chooni nikilia." Nimeusoma ujumbe huo mara nne. Sifichi, nilijisikia!

Kisa chenyewe ni hiki. Mwaka wa tatu wa uzamivu niliingia maabara Jumatatu asubuhi, nikakanyaga maji. Friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri ilikuwa imechomolewa tangu Ijumaa; kwenye soketi yake ilining'inia chaja ya simu. Vichupa vyangu vya sampuli karibu 400 vilikuwa vuguvugu, wino wa lebo umechuruzika hadi tarehe hazisomeki. Nilikaa pale chini nikivifuta kimoja kimoja, sijui kwa faida gani. Msimamizi wangu akasema, "Anza upya," akaenda kikaoni.

Miaka sita sikumwambia mtu. Mikutanoni nilionyesha grafu safi, nikapigiwa makofi, nikala peke yangu.

Siku moja zamu yangu ya kuwasilisha ilifika sina matokeo yoyote, nikasimulia friza. Kimya. Kisha mwenzetu mmoja, mkali kuliko wote, akasema aliwahi kuiondoa makala yake iliyokwishachapishwa, kisa safu moja ya jedwali ilisogea. Tangu siku hiyo hunitumia rasimu zake nizikague, nami humtumia zangu, na makosa tunayakamata kabla ya wahakiki.

Profesa mmoja aliniambia hizo ni porojo, si sayansi. Bado linaniuma, nakiri.

Kwa hiyo, ndugu mtafiti, simulia. Wote tunapenda kisa cha Katalin Karikó, mwanabiokemia ambaye utafiti wake ulisaidia kupata chanjo za korona, aliyeshushwa cheo mwaka 1995 akapata Nobel mwaka 2023. Kizuri, lakini tunakisimulia kwa raha kwa sababu mwisho wake tunaujua. Wewe simulia kisichoisha bado. Na usiseme "nilipitia changamoto". Hilo hata mhasibu husema. Taja chaja, taja maji. Ukimaliza, nyamaza, usikimbilie slaidi inayofuata, maana msikilizaji mwenye kisa chake huhitaji muda wa kukohoa kwanza. Msimamizi wa maabara, anza wewe! Ukimsukuma mwanafunzi atangulie, huko ni kumvua nguo mbele za watu.

Yule mwanafunzi nimemjibu aje Ijumaa tusimuliane. Kauliza kama lazima aongee. Nimemwambia hapana, nitaanza mimi, na safari hii si friza. Ni ombi la ufadhili lililokataliwa wiki iliyopita.