Fundi wa mashati na suruali mjini Kisumu

SWALI: Mhariri, mashati ya dukani hunibana mabegani huku yakinipwaya kiunoni. Nitamjuaje fundi wa kunishonea vizuri mashati na suruali? – Msomaji, Kisumu

JIBU: Ndugu msomaji, mafundi wa cherehani hawakosekani sokoni Kibuye wala Jubilee, kazi ni kuwachuja. Omba kuonyeshwa shati lililokamilika, uligeuze ndani nje, kisha utazame kama mishono imenyooka, kama kingo za kitambaa zimefungwa zisifumuke, na, iwapo kitambaa ni cha mistari, kama mistari ya mfuko inaoana na ile ya kifuani. Mimi huuamini upande wa ndani kuliko maelezo yoyote. Kwa suruali, fundi makini hukupima ukiwa umesimama na hata ukiwa umeketi, kisha huacha akiba ya kitambaa kwenye mshono wa nyuma wa kiuno, ili iweze kupanuliwa mwili ukiongezeka. Kitambaa cha pamba hurudi kinapofuliwa. Kwa hiyo kilowekwe na kukaushwa kabla ya kukatwa. Agiza shati moja kwanza, utangulize arubuni, na mkubaliane siku ya kulijaribu kabla vifungo havijatiwa.