Ukitaka Kuonyesha Filamu ya Haki za Binadamu Kijijini, Anza na Mjadala

Kwa miaka kadhaa nimeshiriki kuandaa maonyesho ya filamu za hali halisi na mijadala ya wazi katika Kaunti ya Kilifi, pwani ya Kenya, mengi yakihusu wazee wanaotuhumiwa uchawi, wakafukuzwa makwao na wengine kuuawa. Vijana wa vikundi vya kijamii hunijia wakitaka kujua waanzie wapi, na wengi wao huwa wameshachagua filamu na kuulizia bei ya kukodi projekta. Huwashauri waiweke filamu kando kwanza, wajiulize ni mazungumzo gani wanayotaka yafanyike ikishamalizika, nani atayaongoza, na ni nani katika kijiji kile anayeweza kupata madhara usiku uo huo kwa sababu ya yaliyosemwa hadharani.

Swali hilo la mwisho ndilo zito kuliko yote. Filamu kama *The Letter* ya Maia Lekow na Christopher King, iliyotoka mwaka 2019, inamfuata kijana anayerejea nyumbani kwao pwani baada ya kusikia kwamba nyanya yake anaitwa mchawi, na kadiri anavyouliza ndivyo anavyogundua kuwa chini ya tuhuma hizo kuna mgogoro wa shamba. Mtazamaji wa Nairobi ataitazama na kuhuzunika, kisha arudi kwake. Mtazamaji wa Ganze au Magarini, huku Kilifi, anaweza kugeuza shingo katikati ya filamu na kumtazama jirani yake mwenye mvi. Kwa hiyo, kabla ya kupanga tarehe, nenda kijijini bila vyombo vyovyote, uongee na wazee wa mtaa, na akina mama wa vikundi, na wahudumu wa afya ya jamii ambao huingia kila boma na kujua mengi yasiyosemwa barazani. Ukiambiwa kwamba kuna mzee ambaye ametuhumiwa hivi karibuni, onyesho lisifanyike hapo mpaka familia yake na yeye mwenyewe wameulizwa na wamekubali. Akikataa, hamishia onyesho kwingine, hata kama mfadhili ameshaandika jina la kijiji kile katika ripoti yake.

Mwezeshaji wa mjadala achaguliwe kwa makini kuliko filamu yenyewe. Awe mtu anayekijua Kigiriama au lugha nyingine ya mahali hapo, anayeheshimiwa na vijana na wazee, na asiyegombea cheo chochote, kwa sababu mwanasiasa akishapewa kipaza sauti mkutano huwa wake. Swali la kwanza baada ya filamu lisihusu imani. Ukiwauliza watu kama uchawi upo au haupo, utapata mabishano ya kidini hadi usiku wa manane, na yule mzee anayetishiwa hatatajwa kabisa. Waulize wameona nini: nani alianza kusema, alisema baada ya jambo gani kutokea, na shamba linalogombewa ni la nani. Nimeliona swali hilo la shamba likibadilisha kikao kizima. Kijana mmoja alisimama akataka kujua kwa nini mzee asiye na hatia akatae kuwagawia wanawe ardhi angali hai. Mama mmoja aliyeketi mkekani, mstari wa mbele, alifungua fundo la leso yake, akalifunga tena, kisha akajibu bila kuinuka kwamba shamba alilolima yeye na marehemu mumewe, likawalisha watoto na kuwalipia karo, leo linaitwa urithi naye bado anapumua. Hakuna aliyempigia makofi. Wanaume wawili watatu waliinamisha vichwa, na kuanzia hapo mazungumzo yakawa ya ardhi, jambo ambalo watu wanaweza kulitafutia ufumbuzi.

Hapo ndipo anapohitajika mtu wa sheria, na ni vyema aketi miongoni mwa watu tangu mwanzo badala ya kuwekwa meza kuu. Wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2016 wanafaa sana kwa kazi hii, maana wengi wao wanaishi katika jamii hizo hizo. Mpe dakika kumi, na mwombe aeleze mambo machache kwa ukamilifu. Aeleze kwamba Kifungu cha 57 cha Katiba ya mwaka 2010 kinawahakikishia wazee haki ya kuishi kwa heshima bila kudhulumiwa. Aeleze kwamba mali ya mtu aliye hai hairithiwi, na kwamba mashamba mengi hugombewa kwa sababu hati bado ina jina la babu aliyefariki zamani au haijawahi kutolewa. Aeleze pia Sheria ya Uchawi ya mwaka 1925, ambayo inamhesabu kuwa mkosaji mtu anayemtuhumu mwenzake uchawi, lakini inamwondolea kosa akipeleka tuhuma hiyo kwa polisi, chifu au mwenye mamlaka mwingine. Watu wengi hushangaa kusikia sehemu hiyo ya mwisho, na ni haki yao kushangaa, kwa kuwa ina maana kwamba chifu ndiye anayepokea tuhuma na ndiye anayetarajiwa kumlinda aliyetuhumiwa. Muulizeni chifu, mbele ya watu wake na kwa adabu, huwa anafanya nini akiletewa habari kama hiyo. Jibu atakalotoa hadharani litakuwa ahadi ambayo kijiji kizima kimeisikia.

Kuhusu vibali, usikubali kuambiwa kwamba mkutano mdogo hauvihitaji. Katiba inalinda haki ya kukusanyika kwa amani, lakini Sheria ya Utulivu wa Umma inataka polisi wapewe taarifa ya mkutano wa hadhara si chini ya siku tatu na si zaidi ya siku 14 kabla ya siku yenyewe. Peleka barua, na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri. Kuonyesha filamu kwa umma kunahitaji leseni ya Bodi ya Uainishaji wa Filamu, na watengenezaji wa filamu nao waombwe ruhusa kwa maandishi. Bodi hiyo ina meno: Septemba 2021 iliipiga marufuku filamu ya hali halisi *I Am Samuel*, inayomhusu Mkenya anayempenda mwanamume mwenzake, isionyeshwe nchini. Mimi naamini marufuku ya aina hiyo yanawanyima raia nafasi ya kujadili maisha ya wenzao, na bado nasema karatasi zako ziwe kamili, ili atakayetaka kukuzuia asipate kisingizio chepesi.

Vifaa visikusumbue sana. Shuka jeupe lililokazwa vizuri latosha, lakini sauti mbovu huvunja onyesho, kwa hiyo fedha kidogo ulizo nazo zipeleke kwenye spika, na jenereta uiweke mbali, nyuma ya ukuta ikiwezekana. Giza la kutosha huingia kati ya saa moja na saa moja na nusu jioni, na filamu ya dakika 80 ikianza hapo inaacha muda wa kuzungumza kabla akina mama hawajalazimika kurudi nyumbani.

Jambo linaloniuma zaidi katika kazi hii ni kamera za waandalizi wenyewe. Mzee aliyenusurika kukatwa panga hutafutwa, akasimamishwa mbele ya halaiki aeleze yaliyomkuta, akapigwa picha, na picha ikasambazwa kabla hajafika nyumbani. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inatambua taarifa za mtu kuwa zake, na ridhaa anayoitoa bila kuelewa picha itakwenda wapi haihesabiki kuwa ridhaa. Mwache mzee azungumze akipenda mwenyewe, na mpiga picha apige migongo ya watazamaji na skrini iliyo mbele yao. Mfadhili akitaka nyuso, mweleze sababu.

Watu wengi huchagua Juni 15, siku ya Umoja wa Mataifa ya kupinga dhuluma dhidi ya wazee, na tarehe hiyo husaidia kuwapata maafisa wa serikali. Hatari, hata hivyo, huja siku zinazofuata, maofisa wanapokuwa wamekwisha kuondoka. Kabla ya onyesho, elewaneni na mkuu wa kituo cha polisi, na mjue mapema ni wapi mzee anaweza kukimbilia. Kaya Godoma, huko Ganze, imewahifadhi wengi waliokimbia tuhuma. Tangazeni nambari moja ya simu, iwe wazi mchana na usiku kwa wiki nzima, na mpokeaji wake awe mtu wa hapo hapo, mwenye pikipiki au mwenye kumjua wa bodaboda atakayekubali kutoka usiku.