Msifunge Ndoa Mara ya Pili

Wiki iliyopita nilipata ujumbe wa kijana wa nyumbani Kenya anayeishi Ohio, Marekani, aliyeoana na mwanamume mwenzake. Nimeusoma mara tatu, na kila nikiusoma moyo unanienda mbio, kwa sababu ni kama ninasoma maisha yangu ya miaka kumi na kitu iliyopita.

"Anti, mimi na mwenzangu tulioana Cape Town. Sasa nimepata kazi nzuri huku, ina bima ya familia. Nikapeleka cheti chetu ofisini. Yule mama akakigeuza, akakitazama nyuma na mbele, akasema hiki cha Afrika Kusini hatukijui, nendeni kortini mkafunge ndoa upya mniletee cha Ohio. Je, tufunge tena?"

Hapana, mwanangu. Msifunge tena. Ndoa mnayo.

Afrika Kusini iliruhusu ndoa za jinsia moja tangu tarehe 30 Novemba 2006. Marekani nayo ina sheria iliyotiwa saini Desemba 2022, na sheria hiyo inasema waziwazi kwamba serikali ya shirikisho inaitambua ndoa iliyofungwa nje ya nchi, mradi ilikuwa halali kule na ingeweza kufungwa katika jimbo lolote la hapa. Mkifunga nyingine mtajiletea matatizo. Mtakuwa na vyeti viwili vyenye tarehe mbili, na siku mwenzako atakapoomba kadi ya kijani, kile kibali cha kuishi Marekani, tarehe ndiyo itakayoangaliwa. Ndoa isiyotimiza miaka miwili hupewa kadi ya masharti, ya miaka miwili tu, kisha mnarudi tena kuthibitisha kwamba ndoa ni ya kweli. Kwa nini utupe miaka yako mwenyewe?

Ila kitoe hicho cheti sasa hivi ukisome. Sheria ya Afrika Kusini huwapa wawili wachague muungano wao uandikwe kama ndoa au kama ushirika wa kiraia. Kama kwenu limeandikwa neno ndoa, shukuru. Neno hilo lina uzito mkubwa sana mbele ya ofisa wa uhamiaji. Halafu omba kile cheti kirefu chenye maelezo yote. Kile kifupi hakitakufikisha mbali.

Ninajua haya kwa sababu niliyalipia.

Mimi na mke wangu tulioana Oktoba 2013. Tulikuwa tunaishi Texas, na katiba ya Texas tangu 2005 ilikuwa inasema ndoa ni ya mwanamume na mwanamke, basi. Lakini Juni ile ya 2013 Mahakama ya Juu ilikuwa imeamua kesi ya Edith Windsor, yule bibi wa New York aliyeoana na mwanamke mwenzake, Thea Spyer, huko Toronto mwaka 2007. Thea alipofariki, serikali ilimdai Edith kodi ya urithi ya dola 363,053, kodi ambayo mjane wa mume asingedaiwa. Akashtaki, akashinda, na serikali ya Washington ikalazimika kuzitambua ndoa kama zetu. Siku ile nilikuwa zamu ya usiku. Nilisoma habari kwenye simu chooni, nikalia, nikanawa uso, nikarudi wodini.

Tukapanda ndege hadi New York. Leseni ya ndoa dola 35, unasubiri saa 24, kisha unalipa dola 25 nyingine wakufungishe. Ofisi iko Worth Street, unachukua namba kama benki. Nilijifunga leso ya mama niliyotoka nayo Mombasa, imeandikwa AKUFAAYE KWA DHIKI NDIYE RAFIKI. Mke wangu aliniuliza maandishi yanasema nini, nikamtafsiria tukiwa kwenye foleni. Mama mpaka leo humwita "yule rafiki yako". Huwa namjibu, ndiyo mama, hajambo.

Tuliporudi Texas nikaanza kuficha. Hapa ndipo penye makosa yangu, na nitayasema yote.

Kanuni ya kodi ilikuwa imeshatoka Agosti 2013: kama ndoa yako ni halali mahali ilipofungwa, kwenye kodi ya shirikisho umeolewa, hata kama jimbo unaloishi halitaki kusikia. Na hali yako ni ile uliyokuwa nayo tarehe 31 Desemba. Kwa hiyo kodi yangu ya mwaka ule nilipaswa kuijaza kama mtu aliyeolewa. Lakini aliyekuwa anatujazia kodi Wakenya wengi wa mtaa wetu alikuwa mzee wa kanisa letu. Nilikaa mbele yake, akaniuliza huku anachapa, "Bado uko peke yako?" Nikasema ndiyo. Akachapa.

Mei 2014 tukaitwa mahojiano ya uhamiaji kwa ajili ya kadi yangu ya kijani. Kibali changu cha kazi kilikuwa kinaelekea kuisha. Tumebeba picha, mkataba wa nyumba, akaunti ya benki yenye majina mawili. Ofisa akafungua karatasi ya kodi, akaweka kidole kwenye kisanduku kimoja, akanigeuzia. "Mbona hapa unasema hujaolewa?"

Mke wangu hakunitazama. Naukumbuka mkono wake, ulikuwa juu ya meza karibu na wangu, akauondoa polepole akauweka mapajani.

Tulipewa barua ya kuleta ushahidi zaidi. Nikatafuta mjazaji mwingine, mgeni kabisa, nikalipa, tukarekebisha kwa fomu ya 1040-X. Miezi minne ya kusubiri, miezi minne mke wangu analala ameupa uso ukuta. Kadi ilitoka. Lakini lile neno "ndiyo" nililomwambia mzee wa kanisa lilitaka kutuvunjia nyumba, na hakuna jimbo lililonilazimisha kulisema.

Kazini ndiko kulikoniuma zaidi. Serikali ya Marekani imenipa kadi ya kuishi nchini kwa sababu nina mke, na mwajiri wangu ananiambia sina mke. Nilimuuliza mama wa rasilimali watu, ofisi inayoshughulikia wafanyakazi, kama mke wangu anaweza kuingia kwenye bima yangu, tukiwa kwenye korido, amebeba kahawa. Akasema, "Texas haitambui, mpenzi." Nikasema sawa. Sikuomba barua, wala sikuuliza kama ule mpango wa bima kampuni inaulipia yenyewe au imeununua kwa kampuni ya bima, swali ambalo lingekuwa na maana kubwa, kwa sababu mpango ambao mwajiri analipia mwenyewe unaongozwa na sheria ya shirikisho, hauongozwi na sheria ya bima ya jimbo. Nilisema sawa nikaenda kupima presha za watu. Mke wangu akalipa bima yake mwenyewe, dola 412 kila mwezi, miezi 20. Dola 8,240. Kwa shilingi za nyumbani wakati ule ni zaidi ya laki saba.

Kisha ikaja Aprili 2015. Mke wangu alikuwa anatolewa kizazi. Wizara ya Kazi ilikuwa imetoa kanuni mpya ya likizo ya kuuguza familia, wiki 12 bila mshahara, ambayo ingenihesabu mimi kama mke popote ninapoishi. Ilikuwa ianze tarehe 27 Machi. Tarehe 26 Machi jaji wa Texas akaisimamisha kwa majimbo manne: Texas, Arkansas, Louisiana na Nebraska. Siku moja kabla! Nilipewa siku tano kutoka likizo yangu mwenyewe. Siku ya sita nilimwachia uji kwenye chupa ya chai kando ya kitanda, na dawa nimezipanga kwenye kisahani kwa saa zake, nikaenda kuuguza wake za watu. Saa nane usiku akanipigia, hawezi kuinuka kwenda msalani. Nilikuwa na wagonjwa watano. Nikampigia jirani.

Sijasamehe hilo. Nasali, lakini sijasamehe.

Wewe kijana uko Ohio, na Ohio ndiko kesi iliyotukomboa ilikotoka. James Obergefell na John Arthur walikuwa Cincinnati. John alikuwa anakufa kwa ugonjwa wa mishipa ya fahamu, hawezi kutembea. Ohio ilikuwa haikubali ndoa kama yao, kwa hiyo Julai 2013 walikodi ndege ya wagonjwa, ikatua Baltimore, wakafunga ndoa ndani ya ndege ikiwa imesimama uwanjani, wakageuza wakarudi nyumbani. Miezi mitatu baadaye John akafa. Alichodai James ni kwamba cheti cha kifo kiseme marehemu alikuwa ameoa, na jina la mumewe liandikwe. Tarehe 26 Juni 2015 Mahakama ya Juu ikamkubalia, na majimbo yote yakalazimika kuzifungisha na kuzitambua ndoa kama zetu. Mimi ni muuguzi, nimejaza fomu za watu waliofariki, najua kile kisanduku kilivyo kidogo. Mtu alienda mpaka mahakama kuu ya nchi kwa ajili ya kisanduku kile, mimi nilipoulizwa nikadanganya.

Ndiyo maana nakusema kwa ukali kidogo. Watu walizika waume zao wakipigania haki ambayo wewe unataka kuiacha kwa sababu karani hajawahi kuona cheti cha Cape Town! Usiogope. Usione haya. Ukijificha mwenyewe, nani atakutambua? Kuna wanaosema haya yote yatafutwa kesho. Novemba 2025 Mahakama ya Juu ilikataa kusikiliza ombi la Kim Davis, yule karani wa zamani wa Kentucky aliyetaka uamuzi ule wa 2015 ubatilishwe. Hiyo ndiyo hali ilivyo. Dai kilicho chako leo.

Na udai kwa maandishi. Andika barua pepe, ambatisha nakala ya cheti iliyothibitishwa, omba nakala ya kanuni za mpango wa bima, uliza ni sehemu gani inayosema ndoa ya nje haikubaliki. Wakikujibu kwa mdomo, waandikie tena: "Kama ulivyoniambia leo..." Ningekuwa na barua moja tu ya 2014 ningekuwa mtu mwingine.

Kuhusu nyumbani, najua utaniuliza. Katiba ya Kenya, kifungu cha 45, inampa mtu mzima haki ya kuoana na mtu wa jinsia tofauti, kwa hiyo cheti hiki huko hakikusaidii. Kama una kiwanja, andika wosia na umtaje mwenzako kwa jina lake kamili, usitegemee neno mume. Na kama mwenzako si raia wa Kenya, ardhi ataipata kwa kukodishwa tu, isiyozidi miaka 99. Mimi wangu nimeuandika, uko kwa wakili Mombasa.

Umeniambia ulianza kazi tarehe tatu. Waajiri wengi humpa mfanyakazi mpya siku 30 za kuwaandikisha watu wake kwenye bima, na zikipita unangoja mpaka dirisha la mwisho wa mwaka. Andika barua hiyo usiku huu, unitumie niisome kabla hujaituma. Niko zamu, lakini saa sita ninapumzika.