Kabla hujawapa madevelopa dodoso la haiba

Wadogo zangu mnaoanza utafiti wa uzamili, mkiamua kupima haiba za watengeneza programu, msidhani ugumu uko kwenye takwimu. Mimi nilidhani hivyo.

Nilipata kampuni, timu ya watu tisa. Dodoso halikuuliza jina, liliuliza jinsia, umri na kazi. Siku nilipofungua jedwali, mstari wa nne ukasomeka: mwanamke, mjaribu programu. Kwenye timu ile alikuwa mmoja tu, na nilishakunywa naye chai. Alama zake za wasiwasi zilizidi za wote. Ile ahadi ya "hutatambulika" niliyoiandika kwenye fomu ya ridhaa ikawa uongo palepale. Kamati ya maadili ilikuwa imeipitisha, lakini kamati ilisoma karatasi, haikuijua timu.

Wiki iliyofuata bosi akanipigia: "Dogo, nitumie basi hayo matokeo, tunapanga timu upya." Na ndiye aliyewaambia wajaze! Mtu anayejaza kwa agizo la bosi, ameridhia au ametii? Nilikataa kwa kubabaika, maana hatukuwa tumeandikiana chochote. Ninyi andikianeni mapema: bosi haoni majibu ya mtu, wala haambiwi nani hakushiriki. Dodoso mtumieni mhusika mwenyewe. Umri uwe wa makundi, na timu ikiwa ndogo, swali la kazi litoeni kabisa.

Kuhusu kipimo chenyewe, MBTI, kinachomweka mtu kwenye mojawapo ya aina 16 za haiba, kina mvuto, ila kina wenyewe na hulipiwa. Nakala za kwenye WhatsApp ni za wizi. Hata wenye nacho wanakataza kisitumike kuajiri watu. Mimi nilitumia maswali ya IPIP (hazina ya maswali ya kupima haiba), yaliyoanzishwa na Lewis Goldberg, ambayo ni ya bure na hayahitaji kibali. Tafsiri tu ndiyo iliyoniumbua. Kuna sentensi ya Kiingereza niliigeuza "mimi ni uhai wa sherehe", kijana mmoja akauliza, "Kaka, hii ni harusi?" Nikaandika upya: "mimi ndiye huchangamsha watu". Wapeni watu wawili watatu waisome kwanza.

Yule dada nilimfuata, nikamweleza nilichokiona. Alinyamaza kidogo, akasema, "Futa." Nikafuta. Nikabaki na wanane, na msimamizi wangu akanung'unikia sampuli mpaka siku ya kutetea tasnifu.