Wapya wa baiskeli na gari moshi, sikieni kabla hamjafunga mizigo

Nyinyi mlioanza safari za baiskeli mwaka huu mnanipendeza, kwa kweli, ila mnanichosha. Kila msimu ni yale yale: mtu anapanda gari moshi Nairobi Ijumaa jioni, anashuka Kisumu Jumamosi asubuhi, anapiga picha ziwani, kisha anaanza kukanyaga kurudi Nakuru. Jumapili jioni ananipigia simu kutoka Londiani akiuliza kama kuna matatu inayobeba baiskeli. Ipo. Bei ataitaja makanga, na ataitaja baada ya kuyaangalia magoti yako.

1. Acha gari moshi lipande, wewe teremka. Nakuru iko mita 1,850 hivi juu ya bahari, Mau Summit inapita 2,500, na Ziwa Victoria liko kwenye 1,130 na ushei. Ukianzia Nakuru kwenda Kisumu una mlima mmoja wa haja; ukiumaliza, nchi yote inakuinamia hadi Muhoroni. Jumapili jioni unapakia baiskeli Kisumu, injini inahangaika na Mau nawe umelala. Lakini Nakuru utashushwa usiku wa manane, kwa hiyo panga mapema nani atakufungulia lango. Na kuna faida nyingine: baina ya Londiani na Fort Ternan reli imepita juu ya madaraja ambayo wajenzi waliyatolea jasho enzi zile reli ilipolifikia ziwa, Desemba 1901, Kisumu ikiitwa Port Florence. Abiria wa usiku huyapita akikoroma. Mwendesha baiskeli husimama akatazama.

2. Pitieni Njoro, Elburgon na Molo. Salgaa na Sachangwan, kwenye barabara kuu, waachieni malori. Mteremko ule umekula watu wengi, na lori lililokatika breki halipigi kengele.

3. Uliza stesheni kuhusu baiskeli kabla ya kununua tikiti, si baada. Vua gurudumu la mbele na pedali, funga kwa gunia.

4. Mwenyeji wako si lojingi. Hapa kaeni chini kabisa.

Nina rafiki Muhoroni, tulilala kitanda kimoja cha ghorofa shule ya bweni, yeye juu mimi chini. Tulikuwa hatujaonana tangu mtihani wa mwisho. Nikampigia simu, kwa ile sauti ya mzoefu: "Saa kumi alasiri niko kwako." Asubuhi nikapitia Molo kwa rafiki mwingine, na nani huondoka Molo baada ya kikombe kimoja? Nilitoka jua la utosi. Kufika Londiani, wingu limeshuka hadi kwenye mabati. Mvua ya Mau hupenda alasiri, mtoto wa huko analijua hilo, nami nililijua. Badala ya kujibanza mahali, nikaamua kukata njia: nikaacha lami nikashika kijia cha mashambani kandokando ya reli.

Ikanikuta humo. Udongo ukashindiliana kati ya tairi na madigadi mpaka gurudumu likagoma kuzunguka. Nachokoa kwa kijiti, nasukuma hatua chache, nachokoa tena. Simu ilikuwa na chaji kidogo, nikaizima niiweke kwa ajili ya dharura, kana kwamba dharura ingekuja na sare yake niitambue. Giza likaingia. Nikajikokota kurudi Londiani, nikapata chai na mandazi, nikapata chumba, nikalala fofofo.

Asubuhi nikawasha simu, jumbe zikamiminika. Saa kumi na moja alikuwa ameuliza nimefika wapi. Saa moja usiku alikuwa amemtuma kijana wake na bodaboda, kwenye mvua ile ile, hadi Fort Ternan, akisimama kila daraja kumulika mtaroni. Saa tatu walikuwa wanauliza polisi. Ujumbe wa mwisho ulitoka kwa mkewe: "Shemeji, chakula tumekufunikia."

Nilipofika, samaki alikuwa bado kafunikwa kwa sinia mezani. Rafiki yangu alinipa mkono, akasema, "Omera, tulikuwa tunatafuta maiti." Hakucheka. Kijana alikuwa ndani, kajifunika blanketi, homa. Nikala yule samaki wa jana wakinitazama, na hadithi za bweni nilizozibeba njia nzima hakuna iliyonoga. Ile "saa kumi" yangu, wao waliichukua kama ahadi: kuna mtu alitoka shambani mapema, kuna mtu alikwenda sokoni. Mimi niliitamka kama makadirio ya kasi.

Basi: mpe mwenyeji muda mpana, "kati ya saa kumi na saa mbili usiku". Simu ikae wazi, na kama chaji ni shida, beba pawabenki, mnazo nyote. Ukikwama, mwenyeji ajue kabla hujaagiza chai. Na rafiki mmoja kwa siku anatosha. Ukila Molo, hutakula Muhoroni, na Muhoroni wataona.

5. Zawadi: viazi vya Molo, maana mzigo huo utakuwa unateremka nao. Muhoroni na Chemelil, kwenye viwanda vya sukari, tafadhali, msipeleke sukari. Mmoja wenu alipeleka, na anajijua.

6. Beba tyubu zako. Fundi wa baiskeli humkosi sokoni huko Kano, ila tyubu zake ni za black mamba, zile baiskeli nzito za zamani; hizo baiskeli zenu za gia atazishangaa tu, kisha akupe benchi ukae. Na ukiwa nyuma ya trekta la miwa, jipe nafasi. Miwa hudondoka.

7. Keria iwe na nafasi ya kurudi nayo, hasa mkienda Maseno na Luanda. Huko huachiwi uondoke mikono mitupu: utapewa ndizi, utapewa karanga, na kama walikupenda sana utapewa jogoo mzima mzima. Usijitetee kwamba una baiskeli. Kijana mmoja tuliyefuatana naye alisema hivyo. Mama akamtazama, akaitazama keria, akaingia ndani kutafuta kamba. Jogoo alipanda gari moshi Kisumu ndani ya kikapu, kimya, tukadhani mambo yamekwisha. Kabla ya Molo, usiku wa manane, akawika, behewa zima likaamka. Abiria wa kiti cha mbele akageuka kuuliza ni shilingi ngapi.